Tathmini ya kompyuta ya mezani yenye Ryzen 5 5600G: sehemu nzuri, njia nyembamba

Kompyuta ninayoitathmini ni ya mezani, huuzwa ikiwa imeshaunganishwa, na karatasi ya sifa iliyobandikwa ubavuni mwa kasha lake inataja mambo manne: prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya gigabaiti 16, SSD (hifadhi ya kudumu ya mafaili) ya terabaiti moja ya kizazi cha nne, na pawa saplai ya wati 500. Nimelifungua kasha na kukagua kila sehemu, na nathibitisha kwamba yote manne ni ya kweli. Hata hivyo, karatasi hiyo inahesabu vifaa tu, ilhali kazi ya kompyuta ni kuhamisha data kutoka kifaa kimoja kwenda kingine na kurudi, na upana wa njia ambazo data hupitia haukuandikwa popote. Kwa mnunuzi anayetaka kujua hasa anachopata, upana huo una uzito sawa na majina ya vifaa vyenyewe. Katika mashine hii njia mbili zimebanwa: moja inadhuru sana, nyingine haidhuru karibu kabisa. Ili kueleza tofauti hiyo sina budi kueleza jinsi kila sehemu inavyofanya kazi, na nitakaa zaidi kwenye zile zinazoamua ubora wa mashine.

Programu yoyote, iwe ya kuandika barua, ya kucheza muziki au ya kuvinjari intaneti, ikifika kwenye prosesa haibaki na umbo lake tunalolijua. Huwa mfululizo mrefu wa amri ndogo ndogo: chota namba iliyopo mahali fulani, ijumlishe na hii, linganisha matokeo na sifuri, na yakilingana ruka hadi amri ile kule. Prosesa huichota amri, huitambua, huitekeleza, huandika matokeo, kisha huigeukia inayofuata. Amri na data hukaa pamoja katika kumbukumbu moja, mpangilio ambao mwanahisabati John von Neumann aliueleza mwaka 1945 katika ripoti yake kuhusu mashine ya EDVAC, na ambao kompyuta za leo bado zinaufuata kwa kiasi kikubwa, pamoja na udhaifu wake: prosesa haiwezi kwenda kasi kuliko kumbukumbu inavyoweza kuilisha.

Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, ni kipande kimoja cha silikoni chenye eneo la takriban milimita za mraba 180 na transista bilioni 10.7, kilichotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 7. Ndani yake mna viini sita, na kila kiini kinaweza kushughulikia nyuzi mbili za kazi kwa pamoja, hivyo mfumo endeshi huviona kama viini 12. Mapigo ya saa yake huanzia gigahezi 3.9 na hupanda hadi 4.4 kazi inapohitaji na joto linaporuhusu. Kwa gigahezi 4.4, pigo moja huchukua nanosekunde 0.23 hivi, muda ambao hata mwanga husafiri chini ya sentimita saba. Ishara za umeme katika nyaya za shaba huenda polepole kuliko mwanga. Kwa hiyo umbali kati ya prosesa na RAM, ambao kwa macho yetu ni wa vidole vichache tu, kwa prosesa ni safari.

Na safari hiyo si ya nyaya peke yake. Kuomba data kutoka RAM na kuipata huchukua nanosekunde 70 hivi katika mashine za aina hii, yaani mapigo yapatayo 300 ambayo kiini kingeweza kuyatumia kufanya kazi. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 yenye mapigo ya megahezi 4.77. Tangu wakati huo mapigo yameongezeka zaidi ya mara 900, lakini muda wa kuisubiri RAM haukupungua kwa uwiano unaokaribia huo, na sehemu kubwa ya ustadi wa prosesa za leo imeelekezwa katika kulificha pengo hilo. Njia ya kwanza ya kulificha ni kache, yaani kumbukumbu ndogo na ya kasi iliyojengwa ndani ya prosesa yenyewe ili kuhifadhi nakala za data iliyotumika hivi punde au iliyo jirani nayo. Kila kiini cha 5600G kina kilobaiti 64 za ngazi ya kwanza na kilobaiti 512 za ngazi ya pili, na viini vyote sita vinagawana megabaiti 16 za ngazi ya tatu. Njia nyingine ni zile nyuzi mbili: uzi mmoja ukikwama kusubiri data, mwingine hutumia vikokotozi ambavyo vingekaa bure.

Hapo kwenye megabaiti 16 pana jambo la kuzingatia. Ryzen 5 5600X ina viini sita vilevile vya usanifu uleule, lakini kache yake ya ngazi ya tatu ni megabaiti 32. Herufi G mwishoni mwa jina la prosesa yetu huonyesha kwamba kitengo cha michoro kimo ndani ya silikoni ileile, na kitengo hicho kinahitaji nafasi. Mnunuzi amepewa michoro na kunyimwa nusu ya kache. Kwa kazi za ofisi, kwa majedwali ya hesabu yenye maelfu ya safu, kwa kivinjari chenye kurasa nyingi zilizofunguliwa na kwa kugeuza msimbo wa programu za ukubwa wa wastani kuwa amri za prosesa, sikuona dalili yoyote ya upungufu huo. Viini sita vinatosha na kubaki. Prosesa hii ni chaguo zuri kwa mtu asiye na haja ya kadi ya michoro. Ila kwa sababu michoro imo ndani yake, inaitegemea RAM kuliko prosesa nyingi nyingine, na hapo ndipo muuzaji alipobana matumizi.

RAM huhifadhi kila biti katika kapasita ndogo mno inayolindwa na transista moja, muundo uliobuniwa na Robert Dennard wa IBM na kupewa hataza mwaka 1968. Kapasita yenye chaji husomwa kama moja, isiyo na chaji husomwa kama sifuri. Uzuri wa muundo huu ni udogo wake, unaowezesha mabilioni ya biti kukaa katika kipande kimoja. Ubaya wake ni kwamba kapasita hizo huvuja kama mtungi wenye ufa, na kwa hiyo kila safu lazima isomwe na kujazwa upya angalau mara moja katika kila milisekunde 64, hata kama hakuna programu iliyoigusa. Umeme ukikatika, ujazaji hukoma na kila kilichokuwamo hupotea. Ndiyo maana waraka ambao haujahifadhiwa kwenye SSD hauna mahali pa kurudi.

Mambo mawili hupimwa katika RAM, na karatasi za sifa hupenda kutaja moja tu. La kwanza ni ujazo, yaani ni kiasi gani cha data kinaweza kukaa humo kwa wakati mmoja. Gigabaiti 16 zinatosha kwa matumizi ya kawaida bila mfumo endeshi kulazimika kuhamishia data kwenye SSD. La pili ni kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde, na hicho hutegemea kasi ya kila kipande na idadi ya chaneli zinazotumika. Chaneli, yaani njia kati ya RAM na prosesa, katika DDR4, ambayo ndiyo aina ya RAM ya mashine hii, ina upana wa biti 64, sawa na baiti nane. RAM ya DDR4-3200 hupitisha data mara milioni 3,200 kwa sekunde, na ukizidisha kwa baiti nane unapata gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Prosesa ya 5600G ina chaneli mbili, hivyo uwezo wake kwa RAM ya kasi hiyo ni gigabaiti 51.2 kwa sekunde, kwa sharti kwamba kila chaneli iwe na kipande chake.

Nilipofungua kasha nilikuta kipande kimoja cha gigabaiti 16, na sloti tatu tupu. Chaneli moja ilikuwa inafanya kazi na nyingine haikuwa na chochote. Vipande viwili vya gigabaiti nane vingetoa ujazo uleule na upana maradufu. Wauzaji huutetea mpangilio huu kwa kusema kwamba sloti zilizobaki zinamwachia mteja nafasi ya kuongeza baadaye, na hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama bodi mama, inayobeba sehemu zote, ingekuwa na sloti mbili tu. Hapa ziko nne, na vipande viwili vingeacha nafasi mbili nyingine. Nilipoingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya bodi inayoiwasha mashine, nikaona la pili: kipande hicho, ambacho lebo yake inasema 3200, kilikuwa kinakwenda kwa 2666. Vipande vingi vya RAM huanza kwa kasi ya tahadhari, na kasi iliyoandikwa kwenye lebo hupatikana baada ya kuwasha wasifu wa XMP, ambao baadhi ya bodi za AMD huuita DOCP. Aliyeiunganisha mashine hakuuwasha. Hesabu yake ni rahisi: milioni 2,666 mara baiti nane ni gigabaiti 21.3 kwa sekunde. Mnunuzi aliyelipia prosesa yenye uwezo wa 51.2 anapewa asilimia 42 hivi ya njia yake, na hakuna neno lolote kwenye karatasi ya sifa linaloweza kumfanya ashuku.

Anayetumia kompyuta kuandika tu hatahisi upungufu huu kwa urahisi, kwa kuwa kache humsitiri. Kitengo cha michoro hakina sitara hiyo. Kazi ya kitengo hiki ni kukokotoa rangi ya kila nukta ya skrini. Skrini ya pikseli 1,920 kwa 1,080 ina pikseli 2,073,600. Kila moja ikichukua baiti nne, na picha ikitumwa mara 60 kwa sekunde, ni karibu megabaiti 498 kila sekunde kwa ajili tu ya kupeleka kwenye skrini picha ambayo imeshachorwa. Hiyo ni sehemu ndogo ya kazi. Katika mchezo wa pande tatu, pikseli moja huweza kuchorwa na kufutwa mara kadhaa kabla ya picha kukamilika, kwa kusoma umbile la kuta, ngozi na majani kutoka kwenye kumbukumbu, kupima kipi kiko mbele ya kipi, na kuchanganya mwanga na kivuli. Prosesa ya kawaida hufanya kazi chache tofauti kwa haraka sana. Kitengo cha michoro hufanya hesabu ileile kwa mamia ya pikseli kwa pamoja. Kile cha 5600G ni cha familia ya Radeon Vega, chenye vitengo saba na jumla ya vikokotozi 448 vinavyoweza kufikia gigahezi 1.9.

Kadi ya michoro inayojitegemea huja na kumbukumbu yake. Hata kadi isiyo ya kifahari, yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR6 ya upana wa biti 128 inayokwenda kwa gigabiti 14 kwa kila waya, hupata gigabaiti 224 kwa sekunde, na haigawani na mtu. Vega ya ndani ya 5600G haina kumbukumbu yake. Hukata kipande cha RAM ya kompyuta na kukitumia, na ndiyo maana mfumo endeshi huonyesha kwamba RAM inayoweza kutumika ni pungufu kidogo ya gigabaiti 16. Njia ileile ya gigabaiti 21.3 inatumiwa na viini sita vinavyotaka amri na data, na vikokotozi 448 vinavyotaka picha. Katika hali mashine ilivyokuja, michezo ya kawaida ilikuwa inakatika na kusuasua hata baada ya kushusha ubora wa picha, na kifaa cha kupima kilionyesha kwamba viini vya prosesa havikuwa na kazi nyingi. Vilikuwa vinasubiri, na vikokotozi vya michoro navyo vilikuwa vinasubiri.

Niliongeza kipande cha pili kinacholingana na cha kwanza, nikaviweka katika sloti ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa kama kitabu cha bodi kinavyoelekeza, kisha nikawasha wasifu wa XMP. Michezo ileile ikawa inachezeka bila kukatika, na kupitia video iliyohaririwa kukawa laini kwa kiasi ambacho hata mtu asiyejua kilichobadilika angekiona. Sikubadilisha prosesa wala sikuongeza kadi. Ye yote mwenye mashine ya namna hii anaweza kujikagua bila kufungua kasha: ndani ya Windows, ukurasa wa utendaji katika Task Manager, sehemu ya kumbukumbu, huonyesha sloti ngapi zinatumika na RAM inakwenda kwa kasi gani. Sloti ikiwa moja, tatizo ni lilelile.

Njia ya pili iliyobanwa ni ya SSD, na hapa nitamtetea muuzaji kidogo. Diski ngumu za zamani huhifadhi data kwa sumaku juu ya sahani zinazozunguka. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, na kwa wastani data inayotafutwa huwa nusu mzunguko mbali, kwa hiyo kichwa cha kusomea husubiri milisekunde 4.2 mbali na muda wa kukisogeza chenyewe hadi mahali pake. Katika milisekunde hizo 4.2, prosesa ya gigahezi 4.4 hupitisha mapigo yapatayo milioni 18. SSD haina kinachozunguka. Data hukaa kama chaji zilizonaswa ndani ya tabaka lililozungukwa na kihami, chaji ambazo hubaki hata umeme ukizimwa, na kusoma huchukua sehemu ndogo ya milisekunde moja. Tofauti ya diski ngumu na SSD ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote ambayo mtumiaji wa kawaida ameyahisi katika kompyuta za miaka ya karibuni, kubwa kuliko mabadiliko yoyote ya prosesa.

Gharama yake ni uchakavu. Kila kuandika na kufuta husumbua kihami, na data haiwezi kufutwa chembe moja moja bali kwa mafungu makubwa. Kidhibiti kilichomo ndani ya SSD husambaza maandishi ili mafungu yote yachakae kwa usawa, huhamisha data kimyakimya na kutunza orodha ya kila kitu kilipo. SSD iliyojaa kabisa humnyima kidhibiti nafasi ya kufanya hivyo, na kwa hiyo ni vyema kuacha sehemu yake ikiwa tupu.

SSD iliyomo kwenye mashine hii ni ya kizazi cha nne cha PCIe, yaani njia zinazoiunganisha SSD au kadi na prosesa, kama karatasi inavyosema. Prosesa ya 5600G, hata hivyo, inaishia kizazi cha tatu. Bodi yenye chipu ya B550 inaweza kuwa na kizazi cha nne kwenye sloti kuu ya SSD, lakini njia za sloti hiyo hutoka moja kwa moja kwenye prosesa, na bodi haiwezi kutoa kile ambacho prosesa haina. Njia nne za kizazi cha tatu hupitisha takriban gigabaiti 3.9 kwa sekunde kwa hesabu ya karatasi, na pungufu kidogo ya hapo kwa hali halisi, hivyo kasi iliyochapishwa kwenye lebo ya SSD hii haiwezi kufikiwa ndani ya mashine hii. Maneno "kizazi cha nne" ni ya kweli kuhusu kifaa na hayana maana yoyote kuhusu kompyuta. Je, yanamdhuru mnunuzi? Kwa vitendo, hapana. Kuwasha mfumo endeshi na kufungua programu ni kazi ya kusoma mafaili madogo mengi, na hapo kinachohesabika ni muda wa kujibu kuliko upana wa njia. Anayehamisha mafaili ya video ya makumi ya gigabaiti kutwa nzima ndiye atakayeona tofauti. Ningependelea muuzaji aweke SSD nzuri ya kizazi cha tatu na akiba itakayopatikana ainunulie kipande cha pili cha RAM.

Bodi mama yenyewe sina ugomvi nayo. Kazi yake ni kuunganisha: matabaka ya nyaya za shaba yanayotoka kwenye soketi ya AM4 yenye matundu 1,331 kwenda kwenye sloti za RAM, za SSD na za kadi, pamoja na chipu inayosimamia matundu ya USB na ya SATA. Kazi yake isiyotajwa sana ni kubadilisha umeme. Prosesa haitumii volti 12 zinazotoka kwenye pawa saplai. Hutumia volti moja na kitu. Wati 65 kwa volti 1.2 ni ampea zinazozidi 50, mkondo mkubwa unaopita katika eneo dogo sana, na vifaa vya kuubadilisha vimepangwa kando ya soketi. Katika bodi hii havikufunikwa kwa alumini ya kupoza, jambo ambalo kwa prosesa ya wati 65 linakubalika, lakini kwa prosesa ya viini 16 nisingelishauri.

Mashine inapowashwa, pawa saplai husubiri volti zake zitulie, kisha hupeleka ishara kwamba umeme uko sawa; hapo ndipo prosesa huanza kusoma programu ya UEFI, ambayo wengi bado huiita BIOS, kutoka kwenye chipu iliyo kwenye bodi. Programu hiyo hukagua RAM na vifaa vingine, hutafuta SSD yenye mfumo endeshi, na kuukabidhi usukani. Betri ndogo ya CR2032 huendesha saa ya kalenda mashine inapokuwa imechomolewa. Tarehe ikianza kurudi nyuma kila unapowasha, betri hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Kuhusu pawa saplai, wati 500 zilizoandikwa zinahitaji kusomwa pamoja na jedwali dogo lililo ubavuni mwake. Kifaa hiki hugeuza umeme wa ukutani, ambao hubadilisha mwelekeo, kuwa umeme wa mwelekeo mmoja wa volti 12, 5 na 3.3, kwa kuukatakata maelfu ya mara kwa sekunde ili transfoma yake iweze kuwa ndogo. Prosesa na kadi za michoro hulishwa na volti 12, kwa hiyo pawa saplai inayodai wati nyingi huku sehemu kubwa ikiwa kwenye volti 5 na 3.3 inamdanganya mnunuzi kwa lugha ya kweli. Ya mashine hii inaonyesha ampea 38 kwenye volti 12, yaani wati 456, na huo ni uwiano wa heshima. Ina cheti cha 80 Plus Bronze, ambacho kwa mzigo wa nusu hutaka ufanisi wa asilimia 85: ikitoa wati 250 huvuta takriban 294 ukutani, na 44 zinazobaki huwa joto. Mashine kama ilivyo haitafika huko. Kikomo cha umeme ambacho AMD imeiwekea prosesa hii kwenye soketi ni wati 88, na sehemu nyingine zote kwa pamoja hutumia chini ya hapo.

Upozaji ndio sehemu niliyoipenda kidogo kuliko zote. Feni ya Wraith Stealth inayokuja na prosesa, ikiwa juu ya pande lake la alumini lenye mapezi, inatosha kwa wati 65, na pesti ya joto kati ya alumini na kifuniko cha prosesa ilikuwa imepakwa vizuri. Pesti hiyo hujaza mianya midogo isiyoonekana ambayo vinginevyo ingejaa hewa, na hewa hupitisha joto vibaya. Lakini uso wa kasha ni kioo kitupu kisicho na tundu, na feni ya kasha iko moja tu, kwa nyuma. Hewa mpya huingia kwa shida kupitia mwanya wa chini. Prosesa hii hujipunguzia kasi yenyewe inapokaribia nyuzi 95 za selsiasi, na sikuifikisha hapo, ila feni yake hulazimika kuzunguka kwa kelele wakati wa kazi nzito. Kasha lenye wavu mbele lisingekuwa zuri kwa picha za tangazo, na lingefaa zaidi.

Linabaki swali la kuongeza kadi ya michoro baadaye, ambalo muuzaji analitaja kama faida. Pawa saplai inaruhusu kadi ya wati 150 hivi, na ina kiunganishi kimoja cha pini nane cha kuilisha. Sloti ndefu ina njia 16, lakini nazo ni za kizazi cha tatu. Kadi yenye njia 16 haitahisi chochote cha maana. Kadi za njia nane zitapoteza kidogo, na zile za njia nne, kama Radeon RX 6500 XT, zilizoundwa zikitegemea kasi ya kizazi cha nne, zitapoteza sana, hasa kumbukumbu yake ya gigabaiti nne inapojaa na kulazimika kuazima RAM kupitia njia hizo nne. Isitoshe, kadi ikishawekwa, Vega iliyomo ndani ya prosesa hukaa bila kazi huku kache ikibaki ile ya megabaiti 16. Kwa hiyo anayejua tangu mwanzo kwamba ataweka kadi asinunue mashine hii. Atafute yenye Ryzen 5 5600 isiyo na G, ambayo ina kache ya megabaiti 32 na PCIe ya kizazi cha nne. Asiye na mpango wa kadi anaweza kuichukua, mradi amtake muuzaji aweke vipande viwili vya RAM na kuwasha XMP kabla hajalipa.